RTX 3080 ya feni tatu kwenye mzigo: zile nyuzi 71 zilinichezea akili wiki nzima

Hii rivyu ilikuwa iwe fupi kweli. Dakika kumi za kwanza kadi, hii RTX 3080 inayochora picha za gemu kwenye kompyuta, ilikaa nyuzi 68, gemu limewashwa kila kitu juu, feni hata huzisikii, mi nikasema hapa nimelamba dume, nikaanza kupanga sifa kichwani. Nikaendelea kucheza. Kama nusu saa hivi gemu likaanza kushtuka shtuka, fremu (picha kwa sekunde) zilikuwa 90 na kitu zinadondoka 70, zinarudi, zinadondoka tena, nikitupa jicho kwenye kona ya skrini joto linasema 71. Sasa 71 ni joto la kawaida kabisa, kadi zenyewe hizi zimepangiwa kuanza kujizuia huko kwenye 83, kwa hiyo nikalisingizia gemu, nikaisingizia draiva, ile programu inayoiendesha kadi, nikaifuta nikaiweka upya mara mbili, nikamsingizia na mdogo wangu kwamba anapakua vitu huko chumbani kwake. Kumbe kadi ilikuwa inaungua mahali pengine kabisa.

Kadi yenyewe ni RTX 3080 ile ya memori 10GB, toleo la 2020, ya feni tatu, imeundwa na kampuni mojawapo kati ya hizi zinazochukua chipu ya Nvidia na kuifunga hitisinki yao, yaani chuma cha kuipooza. Jina la kampuni nalibana. Niliichukua ikiwa ishatumika na sijui aliyekuwa nayo aliipitisha wapi, si haki kumtangaza mtu kwa kosa ambalo nusu yake labda ni uzee. Ni pande la kadi, inakula karibu nafasi tatu ndani ya keisi (sanduku la kompyuta), na ukiifunga bila kigingi cha kuishikilia mkiani inainama mpaka unaionea huruma.

Nilivyopima: chumba nyuzi 27, keisi imefungwa, feni tatu mbele zinaingiza hewa na moja nyuma inatoa, gemu kwenye 4K bila kikomo cha fremu, dakika 40 kila raundi, na namba nachukua za dakika kumi za mwisho tu. Hizo dakika 40 si mbwembwe. Hitisinki ni kilo nzima ya shaba na aluminiamu, inachukua muda kushiba joto, na keisi nayo inachukua muda wake, ukipima dakika tano unapima chuma kikiwa bado cha baridi alafu unakuja kuwaambia watu kadi haipati moto. Na ukiona mtu anatamba na namba zake muulize kwanza chumba chake kilikuwa nyuzi ngapi, maana feni haina uchawi, haiwezi kuipooza kadi chini ya hewa inayoivuta, chumba kikipanda nyuzi 5 na kadi inapanda karibu hizo hizo 5. Mtu anakwambia yake inakaa 62, we unajisikia vibaya na 71 yako, kumbe yeye yuko kwenye chumba cha nyuzi 18. Toa 18 kwenye 62 unapata 44. Toa 27 kwenye 71 unapata 44. Mko sawa sawa bana.

Haya, nikaanza na FurMark, programu ya kuitesa kadi, ile pete yenye manyoya inayozunguka. Ile kitu inaikaba chipu kuu kinyama, wati 320 kamili ndani ya sekunde chache, kloki, yaani kasi ya chipu, ikashuka mpaka megahezi 1500 na ushee maana kadi ikiona imefika kikomo cha umeme inajipunguza yenyewe. Chipu kuu 74, hotispoti (pale chipu inapopata moto zaidi) 87. Tofauti ya 13 kati ya hizo mbili ni nzuri, ikiwa 10 hadi 15 mi huwa sina wasiwasi, ikivuka 20 na kitu ndo najua hitisinki haijakaa vizuri au pesti ya kupitisha joto katikati yao imekimbia. Nikaenda Time Spy ya 3DMark, ule mtihani wake wa mizunguko 20 ambao ili ufaulu fremu lazima zibaki thabiti kwa asilimia 97 kwenda juu. Nikapata 98 na pointi. Imefaulu! Vipimo viwili ambavyo kila mtu anavitegemea vimesema kadi ni nzima, narudi kwenye gemu, linakwama vile vile.

Jibu lilikuwa limelala muda wote ndani ya HWiNFO, programu ya kusoma sensa za kompyuta. Ukishuka chini kwenye sehemu ya kadi kuna mstari wa joto la memori, peke yake, mstari ambao ile namba niliyoiweka konani mwa skrini haina habari nao. Nikauangalia gemu likiwa linaenda. 104, 107, 109, 110. Ikigusa 110 kadi inajikata, inashuka 106, inaanza kupanda upya. Ukiuweka mchoro wa fremu juu ya mchoro wa joto la memori vinacheza ngoma moja, huyu akipanda yule anashuka. Nilicheka peke yangu pale kwenye kiti.

Sasa kwa nini memori. 3080 inatumia GDDR6X, ambayo Micron waliitengeneza pamoja na Nvidia, na tofauti yake na GDDR6 ya kawaida ni kwamba badala ya kutuma data kwa ngazi mbili za umeme inatumia ngazi nne, ndo maana kwenye hii kadi kila pini inapitisha gigabiti 19 kwa sekunde na kadi nzima gigabaiti 760. Spidi hiyo inalipiwa kwa joto. Chipu za memori ziko kumi, zimeizunguka chipu kuu, na wakati chipu kuu inakaa uso kwa uso na chuma cha hitisinki kukiwa na pesti nyembamba tu katikati, hizi za memori zinategemea padi laini, kitu kama mpira mpira, ambazo hata zikiwa mpya hazipitishi joto vizuri kama pesti. (Wenye 3090 poleni sana, nyie mna chipu nyingine kumi na mbili mgongoni ambako hakuna hata feni.)

Na hapa ndo nikaelewa utani wote ulivyo. Feni zote tatu za hii kadi zinamsikiliza mtu mmoja tu, chipu kuu. Chipu kuu ikisema niko 71 feni zinasema basi sawa, zinatulia kwenye mizunguko 1900 kwa dakika, memori pembeni inapiga kelele inaungua hakuna anayeisikia. Yaani kadiri hitisinki inavyoipooza vizuri chipu kuu ndivyo feni zinavyozidi kulegea na memori inavyozidi kuteseka. Ile 71 niliyokuwa najivunia ndo ilikuwa inaziambia feni zilale. FurMark haikuliona hili kwa sababu mzigo wake mkubwa uko kwenye chipu kuu, memori haiisumbui kihivyo, na Time Spy inachora kwenye 2560 kwa 1440 alafu inamaliza wakati memori ndo kwanza inaanza kuchemka. Ukitaka kuijua kadi yako ipe kazi ile ile utakayoipa kila siku, kwa muda ule ule utakaokaa, hizo pete za manyoya waachie wanaotaka kuangalia kama hitisinki imebana.

Kabla ya kushika bisibisi nilifanya majaribio mawili ya kijinga lakini yaliniokolea muda. La kwanza, feni asilimia 100 kwa nguvu. Memori ikashuka kutoka 110 mpaka 102, na chumba kizima kinanguruma utadhani keisi inataka kupaa. La pili nikafungua ubavu wa keisi nikaacha wazi, raundi nzima ya dakika 40. Chipu kuu ikashuka nyuzi 6, memori ikashuka 4. Kama tatizo lingekuwa keisi kukosa hewa basi vyote viwili vingeporomoka na memori ingerudi kwenye usalama, sasa 106 ubavu ukiwa wazi maana yake joto halitoki kwenye chipu kwenda kwenye hitisinki, njia imeziba huko ndani. Hata ningeongeza feni kumi kwenye keisi ningekuwa napuliza chuma ambacho joto halijakifikia. Watu wengi wanaanza kununua feni za keisi kabla ya hili jaribio la ubavu, na ni la bure kabisa aisee.

Nikafungua. Waranti yangu ilishapita, ya kwako angalia mwenyewe. Skrubu nne zenye springi nyuma ya chipu kuu, nyingine kama nane za bati la mgongoni, na nyaya za feni ambazo ni fupi kuliko unavyotegemea kwa hiyo usivute hitisinki kwa pupa. Ndani nilikuta padi zimekauka, ukizikunja zinakatika, mafuta ya silikoni yamevuja yametapakaa kwenye bodi, na cha kusikitisha zaidi chipu mbili za memori zilikuwa zimeacha alama ya nusu mraba tu kwenye padi, yaani nusu nyingine ilikuwa inagusa hewa. Hiyo si uzee, hiyo padi ilikatwa au kuwekwa vibaya na mtu, iwe kiwandani iwe aliyeifungua kabla yangu.

Hapa sasa nikafanya kosa ambalo naomba wewe usilifanye. Sikupima. Nilijiambia padi za memori ni milimita 2, nilishaona mahali, nikanunua za milimita 2, nikakata vizuri vipande kumi, nikafunga, nikawasha nikiwa natabasamu. Memori 84! Nikashangilia sekunde kama thelathini, alafu nikaona hotispoti 103 na chipu kuu 78. Padi zilikuwa nene mno, zimeinyanyua hitisinki, chipu kuu haikai tena uso kwa uso na chuma, inagusa upande mmoja. Nilikuwa nimeliondoa tatizo kwa jirani nikalileta nyumbani. Na ujue unene wa padi unatofautiana kati ya bodi na bodi, hata kadi mbili zenye jina moja la RTX 3080 lakini hitisinki tofauti zinaweza kutaka padi tofauti, kwa hiyo usiniige namba zangu.

Mara ya pili nikatumia akili, nikachukua udongo laini wa kuchezea watoto, nikaweka vidonge vidogo juu ya chipu tatu za memori, nikafunga hitisinki mpaka mwisho, nikafungua, nikapima unene uliobaki na kalipa. Milimita 1.3 na kidogo. Nikasafisha kila kitu kwa spiriti ya aisopropili, nikaweka padi za milimita 1.5 ambazo zikibanwa zinafika pale pale. Juu ya chipu kuu sikurudisha pesti, nikaweka PTM7950 ya Honeywell, ile karatasi nyembamba ambayo ikipita nyuzi 45 hivi inalainika na kujaza nafasi, kwa sababu pesti ya kawaida kwenye chipu tupu kama hii ina tabia ya kusukumwa pembeni taratibu kila kadi inapopata joto na kupoa. Usiihukumu siku ya kwanza, iache ipate joto na kupoa mara kadhaa ndo inakaa sawa.

Matokeo gemu lile lile, chumba kile kile cha nyuzi 27, dakika 40: chipu kuu 69, hotispoti 80, memori 88. Kutoka 110 mpaka 88, na fremu zimenyooka kwenye 92 hazishtuki tena. Hitisinki ni ile ile, feni ni zile zile.

Ningeweza kuishia hapo lakini ile kelele ya mizunguko 1900 nayo ilikuwa inanikera, siyo mbaya ila ni ule mvumo ambao ukishausikia huachi kuusikia. Kuzipunguza feni kwa mkono ni kurudisha joto, kwa hiyo nikapunguza joto lenyewe kwenye chanzo, nikashusha volteji. Kwenye MSI Afterburner ukibonyeza Ctrl na F unafungua ule mstari wa volteji na kloki, nikaufunga kwenye megahezi 1860 kwa milivolti 875. Wati zikashuka kutoka 320 mpaka 255 hivi. Fremu zikatoka 92 zikawa 90. Yaani wati 65 zilikuwa zinateketea kwa ajili ya fremu mbili! Chipu kuu ikaja 63, memori 80, feni 1400, na hapo ndo kadi inakuwa kimya kweli kweli maana kelele ya feni haipandi pole pole, ukiongeza spidi yake mara mbili umeme inaoutaka unapanda mara nane na sikio lako linajua. Nilijaribu 850 pia, ikakaa vizuri saa nzima na nusu alafu gemu likajifunga lenyewe, nikarudi 875. Kushusha volteji usiamini jaribio la dakika kumi, kaa nayo siku mbili tatu.

Kitu kingine kidogo, kloki haishuki ghafla ukifika kikomo kama wengi wanavyodhani. Kadi za Nvidia zinaanza kupunguza mapema sana, vipande vidogo vya megahezi 15, kila joto linapopanda hatua fulani. Yangu kabla ya kushusha volteji ilikuwa inaanza 1965 ikiwa ya baridi inaishia 1905 ikishiba joto. Huwezi kuiona kwenye gemu, lakini ukiwa unalinganisha kadi mbili na moja umeipima ya baridi na nyingine ya moto umejidanganya tayari.

Sasa hitisinki yenyewe kama bidhaa. Mabomba ya shaba saba, mapezi yamebanana vizuri, na mkiani ubao wa kadi umeishia mapema hivyo feni ya tatu inapuliza hewa inatokeza upande wa pili kupitia tundu kwenye bati. Kwa kadi hilo tundu ni neema. Kwa prosesa yangu siyo sana, hewa ya moto inapanda moja kwa moja kwenye feni ya prosesa na joto lake limepanda nyuzi 6 tangu nibadilishe kadi, nikageuza feni moja ya juu iwe inatoa hewa ikarudi 3. Bati la mgongoni ni la chuma lakini halijawekewa padi hata moja, ni urembo tu. Feni kuzima zenyewe kadi ikiwa imekaa ni wazo zuri limetekelezwa vibaya, zinawaka 52 zinazima 49, kwa hiyo ukiwa unaangalia video tu zinawaka zinazima zinawaka zinazima kama mtu asiyejua anataka nini, nimeziweka zizunguke mizunguko 900 muda wote na sizisikii. Hitisinki naipa 8 kwa 10. Padi nilizozikuta na namna zilivyowekwa naipa 2, na hiyo 2 ni kwa sababu hazikudondoka.

Kama una kadi yoyote yenye GDDR6X na gemu linakwama baada ya nusu saa, nenda kaangalie ule mstari wa memori leo leo kabla hujafuta draiva. Angalia na hotispoti wakati bado unaweza, maana kwenye RTX 50 sensa hiyo haionekani tena kwenye hizi programu, unapewa chipu kuu na memori tu, na mi kwa kweli hilo limeniudhi kwa sababu ni hotispoti iliyoniambia padi za milimita 2 zimeniharibia. Bila hiyo ningeiona 78 ningesema sawa tu, ningeiacha hivyo hivyo.

Imebaki mlio wa koili, zile nyaya zilizosokotwa za umeme kwenye kadi. Kwenye menyu za gemu fremu zinafika 300 na kitu na kadi inatoa ule mlio mwembamba kama mbu aliye karibu na sikio, padi mpya hazikuugusa na sikutegemea ziuguse. Nimeweka kikomo cha fremu 120, mlio umekwisha.